Joho la Binego

Nilikuwa kibarazani kwangu Nyamirambo, napiga upindo wa suruali, Mukecuru Verediyana alipokuja na kitambaa cheusi kwapani. Mukecuru ndivyo tunavyomwita mwanamke mzee kwa heshima. Alikuwa jirani yangu, mjane, muuza maharage, na Jumapili hakukosa kanisani. Lakini mtaa mzima ulijua, ingawa hakuna aliyetamka, kwamba aliitwa kwenye nyumba za wagonjwa, akapakwa chokaa usoni, na Binego akampanda kichwani. Binego ni mungu wa zamani wa milima yetu, mkali, aliyekatazwa na padri na sheikh kwa pamoja.

"Nipime, fundi, lakini ongeza kwa mabega. Yeye iko mupana kuliko mimi."

"Si nilikushonea mwaka jana, mama? Amenenepa?"

"Vita imeanza kule kaskazini. Watu wanaogopa, wanamuita sana. Wakimuita anakuwa mukubwa, wakimusahau ananywea. Chakula yake ni ile watu wanamuamini."

Nilicheka sana. Mimi Mwislamu, mjukuu wa mfanyabiashara wa pwani, nishone joho la shetani wa milimani! Nilimtania hivyo, naye akacheka. Hata hivyo niliongeza vidole vinne kila bega. Huo ulikuwa mwaka wa tisini.

Aprili ya tisini na nne mauaji yalifika mtaani. Nilimficha Mukecuru darini, juu ya chumba cha cherehani, pamoja na mjukuu wake Dativa, msichana wa miaka kumi na sita. Vitambulisho vyao vilikuwa na lile neno moja la kabila lililotosha kumuua mtu. Mukecuru alipanda na bahasha ya picha, rozari, na joho lake.

Wauaji waliweka kizuizi cha barabarani hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Mkubwa wao alikuwa Faustini, kijana wa kuziba pancha. Nilimjua tangu akiwa mdogo. Aliwahi kuugua karibu kufa, akapelekwa kwa Mukecuru, na Binego akamwita mwanangu. Kwa desturi hiyo, watoto wa Binego ni ndugu na hawamwagi damu ya wenzao.

Siku ya tatu, mchana, walikuja kupekua.

Mukecuru aliisikia sauti ya Faustini. Alishuka kwa nyuma, akavaa joho, akajipaka unga wa muhogo usoni maana chokaa haikuwepo. Akatokea sebuleni.

"Nani analia mulangoni kwangu?"

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya kiume, ikajaza chumba.

Panga lilimponyoka Faustini. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama watoto wa Binego walivyofundishwa, akarudi kinyumenyume na wenzake.

Jioni hiyo sheikh wa msikiti wetu alinitumia habari: gari la unga lingeondoka kesho, na chini ya magunia palikuwa na nafasi ya watu wawili. Mukecuru alitaka waende. Mimi nilikataa. Ndiyo, mimi niliyecheka. Nilimwambia njiani kuna vizuizi ishirini, na hapa tuna Binego. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu panga likianguka. Aliniambia, "Fundi, hata wewe sasa?" Alikuwa amechoka, na nyumba ilikuwa yangu. Gari liliondoka bila wao.

Siku nne baadaye Faustini alirudi na watu saba. Safari hii hakupiga kelele. Alibisha hodi, amebeba kibuyu cha pombe ya ndizi.

"Tunaomba Binego," alisema. "Tunaenda kazi upande wa Gahanga. Yeye pia alikuwa muuaji. Kule barrière, pale kizuizini, tunamuimba kila siku. Atubariki."

Kazi ndivyo walivyoita kuua. Wakaingia, wakayapanga mapanga sakafuni.

Mukecuru alishuka. Alikuwa amevaa joho, amejipaka unga. Alisimama mbele ya mapanga yale.

Faustini alipiga magoti, akamwekea kibuyu miguuni.

Niliinamia cherehani yangu nikaomba. Mungu anisamehe, sikumwomba yeye. Nilimwomba Binego. Sema ndiyo, nilimwambia. Sema ndiyo tu, Dativa aishi.

Mukecuru alijifuta unga kwa kiganja.

"Faustini, mwanangu," alisema kwa sauti yake ya kuuzia maharage. "Binego hayuko. Ni mimi tu, Verediyana."

Walimtoa nje. Nilisikia yote.

Hawakupekua nyumba. Dativa alikaa darini hadi vita vilipoisha.

Miaka ilipita. Mahakama ya mtaa ilipokaa kwenye nyasi, Faustini aliletwa akiwa amevaa nguo za wafungwa za rangi ya waridi. Hakukana.

"Lakini Binego sikumugusa," alisema. "Nilimuita, hakuja. Ile ilibaki ilikuwa mukecuru tu."

Dativa alisimama. "Na kama angekuja?"

"Ningemutii."

"Hata kama angekuambia uache?"

Faustini alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa moyo wake wote, bila ujanja.

"Asingesema hivyo," alijibu. "Binego yetu asingesema hivyo."

Dativa alikaa kando yangu, akaniegemea begani. Siku ile, mle chumbani, hata mimi nilitaka Binego awaambie ndiyo.