Vitabu Vitatu kwenye Foleni ya Miwa

Miaka ile miwa ilikuwa mingi hata kiwanda kikashindwa kuimeza. Matrekta yalipanga foleni kutoka upande wa Mayoni mpaka lango la mizani, trela zikiwa zimejaa pomoni, na dereva aliyefika alfajiri angeweza kuliona jua likizama kabla hajasogea popote pa maana. Wengine walilala chini ya trela. Wengine walicheza karata. Elkanah Shikanga, dereva wa trekta ya Bwana Osundwa, alisoma vitabu.

Shule aliiachia kidato cha pili baba yake alipofariki, lakini Kiingereza chake kilimtosha, na pale kilipopungua alikuwa na kamusi isiyo na jalada. Vitabu alivipata kwa fundi mmoja wa mitambo, mgeni, aliyekuwa akirudi kwao. Elkanah alimsafirishia mizigo hadi Kakamega mjini, na yule fundi akamwachia katoni ya vitabu vya mwanawe. Elkanah alitarajia hadithi za wapelelezi. Alikuta majoka na mizimu.

Alianza vitabu vitatu kwa pamoja, si kwa kupenda, bali kwa sababu kila kimoja kilikuwa na udhia wake. Cha majoka kilikuwa kinene, chenye malkia na majemadari wa majina yasiyotamkika, tena kilikuwa sehemu ya pili ya hadithi ambayo ya kwanza hakuwa nayo. Akisoma kurasa chache, hajui tena nani adui wa nani. Hapo alikiweka chini na kuchukua cha kutisha, kuhusu nyumba yenye kisima kilichoita watu kwa majina yao kwa sauti za marehemu. Hicho alikisoma hadi panya achakarishe miwa nyuma yake. Basi alikifunga pu! Ndipo alipochukua cha tatu, kitabu cha mchezo. Humo msomaji mwenyewe ndiye msafiri, anashuka pangoni kutafuta taji la mfalme. Akifika njia panda anachagua: ukienda kushoto, fungua ukurasa huu; ukienda kulia, fungua ule. Akikutana na adui anarusha dadu. Akiuawa, anaanza upya. Dadu aliiazima kwenye ludo ya bintiye Khalayi, naye Khalayi aliidai kila jioni.

Kama angeachwa asome, mambo yangekuwa mazuri. Lakini dereva wa nyuma yake alikuwa Makhanu, mtu asiyeweza kukaa kimya.

"Shikanga! Leo malkia amefika wapi?"

"Amefika kwenye kisima. Ameinama, kisima kikamwita kwa sauti ya mama yake..."

"Ngoja, bwana. Kisima si kiko kwa ile nyumba ya mashetani? Malkia ameendaje huko?"

Elkanah alitazama vitabu vilivyomlalia mapajani. Kweli, alikuwa amevichanganya. "Makhanu, niache nisome."

"Lakini si unasomanga tangu asubuhi? Na bado hujui?"

Mambo yaliharibika kabisa siku Makhanu alipoona dadu ikirushwa juu ya boneti. Alipoelezwa mchezo, aliwaita wenzake. Dinah, mama aliyeuza chai na mandazi kando ya foleni, naye alikuja na birika lake. Tangu hapo Elkanah hakuwa msomaji tena; alikuwa mkalimani.

"Kuna mlango wa chuma," alitafsiri, "na ngazi inayoshuka gizani."

"Vunja mlango!" alisema Makhanu.

"Kwani mlango umekukosea nini?" aliuliza Dinah. "Mtu hubisha hodi kwanza."

"Mama, hapa hakuna kubisha hodi. Ni kuvunja ama kushuka."

"Basi hicho kitabu kimeandikwa na watu wasio na adabu."

Walipiga kura, wakavunja mlango. Nyuma yake palikuwa na jitu lenye shoka. Dadu ikarushwa, msafiri akafa.

"Umetuua," Makhanu alimwambia Elkanah.

"Mimi? Mimi ndiye niliyesema vunja?"

"Wewe ndiye umerusha dadu, na umerusha vibaya!"

Wakabishana, wengine wakitaka waanze upya, wengine wakidai dadu irushwe tena. Hakuna aliyeona kwamba mbele yao foleni ilikuwa imesogea, tena sana. Matrekta ya nyuma yaliwapita moja moja na kujaza nafasi yote. Walipoinua macho, Bwana Osundwa alikuwa akishuka kutoka kwenye pikapu yake.

"Elkanah," alisema taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. "Miwa yangu inakaukia juani. Mnafanya nini?"

Elkanah alifungua kinywa. Angesema nini? Kwamba wameuawa na jitu? "Tulikuwa tunasoma, mzee."

"Nikikuta tena mkutano hapa, utasomea nyumbani. Kila siku."

Osundwa alipoondoka, Elkanah alichukua kitabu cha mchezo na dadu, akavisukuma mikononi mwa Dinah. "Chukua, mama. Nimeshiba. Mniache na viwili vyangu."

Alidhani amepata amani. Kumbe! Makhanu ndiye aliyekuwa akimsomea Dinah, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Kila Elkanah alipomfikia malkia wake, kichwa cha Makhanu kilichungulia kwenye usukani.

"Shikanga, neno hili ni nini?"

"Daraja."

Kidogo tu: "Na hili?"

"Popo! Popo, Makhanu! Nenda!"

Mwishowe Elkanah aliona heri wamalize, yaishe. Siku moja mizani iliharibika na foleni nzima ikasimama kabisa. Alikwenda mwenyewe kwenye kibanda cha Dinah, akaketi, akasema, "Leo anachagua mama peke yake. Makhanu, funga mdomo."

Dinah alichagua kama alivyoishi. Mlango hakuuvunja, alishuka ngazi polepole. Alipoulizwa kama atapigana na mzee wa daraja au atampa chakula, alishangaa kuulizwa. Penye hazina ing'aayo alipita bila kugusa, kwa sababu, alisema, vitu vilivyoachwa wazi hivyo vina mwenyewe. Kabla mizani haijatengenezwa, taji lilikuwa mkononi mwake. Madereva walipiga makofi. Makhanu alinuna.

"Hakupigana hata mara moja," alisema. "Huo ni ushindi gani?"

Baada ya hapo walimwacha Elkanah, naye akasoma kile cha majoka kwa utulivu hadi mwisho. Jeshi la malkia lilikuwa limezingirwa, joka limejeruhiwa, lango linapasuka. Akafunua ukurasa. Paliandikwa kwamba hadithi inaendelea katika kitabu cha tatu.

Alipiga usukani hadi honi ikalia, na foleni yote ikageuka kumtazama.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kakamega, kwa muuza vitabu kuukuu karibu na soko. Alieleza anachotaka kwa makini. Muuzaji alichimba lundo lake kwa muda, akatoka na kitabu chenye joka lilelile kwenye jalada. Elkanah alikigeuza. Kilikuwa sehemu ya kwanza.

"Si hiki," alisema. "Nataka ya mwisho."

"Ya mwisho sina. Lakini utaanzaje mwisho bila mwanzo?"

Elkanah alitaka kumweleza, akaona ni kazi bure. Akakinunua. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuudhika, akanunua kingine cha kutisha, chembamba, ambacho angalau kilikuwa na kurasa zote.

Mkewe Pascalia alimkuta uani akivifuta vumbi.

"Baba Khalayi, vile vingine umemaliza?"

"Kimoja."

"Kinasemaje?"

Elkanah alivuta kigoda. "Keti," alisema kwa kuchoka, "lakini usiniulize mwisho." Na Pascalia akaketi, akianza kuuliza kabla hajafika chini.