Magurudumu Ishirini na Mawili

Habari nilizipata Jumanne asubuhi, nimesimama mbele ya karai la mahamri pale Kibokoni, Mombasa. Mama anayeyakaanga, anayenijua tangu nilipokuwa na nywele, aliniambia bila kuinua macho kwenye mafuta: "Makiwa, mwandishi. Mzee wa malori amefariki alfajiri. Azikwa baada ya alasiri." Nikajibu inna lillahi kama impasavyo Muislamu kujibu, kisha nikasema nataka mahamri manane, na mbaazi anitilie za watu wawili. Hapo akainua macho, akanitazama vizuri. "Umesikia nilokwambia?" Nikamwambia nimesikia. Nikachukua mfuko wangu, nikapanda ngazi hadi nyumbani, nikala na mke wangu, nikanywa chai vikombe viwili, na chai ilikuwa tamu ile ile ya kila siku.

Nawaambieni ukweli, wasomaji wangu, maana hamnunui gazeti mdanganywe: sikuhisi kitu. Nilikaa kitini nikaingoja huzuni kama mtu angojavyo mgeni aliyesema yuwaja. Haikuja. Mmewahi kukalia mguu barazani mpaka ukafa ganzi? Unauona, wajua ni wako, ukiuminya hauumi. Ndivyo nilivyokuwa siku ile, na bado ndivyo nilivyo ninapoandika haya, wala siandiki ili mnipe pole. Naandika kwa sababu kuna jambo nililomfanyia marehemu kwenye ukurasa huu huu, na alikufa kabla sijalirekebisha.

Mlionisoma miaka mingi mnamjua mzee huyu, ila hamjui kama mnamjua. Yapata miaka minne sasa tangu niandike hapa makala kali juu ya mzee mmoja wa Mji wa Kale, dereva mstaafu wa masafa marefu, ambaye badala ya kutulia na tasbihi yake alikuwa akiwapotosha mabinti wa watu kwa kuwafundisha kuendesha malori ya magurudumu kumi na manane. Sikumtaja jina, kama nisivyomtaja leo, lakini mtaa wetu watu hujuana hata kwa kikohozi; kabla ya adhuhuri kila mtu alishajua ni nani. Nyinyi mlinipongeza. Mmoja aliniandikia kwamba kalamu yangu ni kinga ya maadili yetu, na barua ile niliikata nikaiweka kwenye droo. Jambo moja sikuwaambia. Binti mwenyewe niliyemlilia kwenye makala ile alikuwa binti yangu.

Ni wangu wa pili. Alikuwa na kazi ambayo mimi niliiona nzuri: miaka sita katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, meza yake, feni yake, akijaza karatasi za malori yanayokwenda Kampala na Kigali. Siku moja tukila akasema, "Baba, nimechoka kuyaandika malori. Nataka kuyaendesha." Nikacheka. Mamake hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba leseni ya magari makubwa alishaipata kimya kimya, na mamake alijua. Lo! Niliisukuma sahani nikaondoka mezani. Nilimwambia mke wangu kwamba binti wa Kibokoni halali ndani ya lori njiani, na kwamba nitauweka wapi uso wangu nikienda msikitini.

Lakini leseni, kumbe, si kazi. Kila kampuni aliyokwenda ilimuuliza swali moja: una uzoefu wa miaka mingapi? Sasa huo uzoefu mtu aupate wapi, ikiwa hapana anayemwachia usukani mara ya kwanza? Mwenyewe nikafurahi, nikajua atarudi mezani kwake. Ndipo mzee akaingia. Yeye alianza kwa kuosha malori, akawa utingo miaka tisa, na siku aliyopewa usukani dereva wake alikuwa na homa na hapakuwa na mtu mwingine. "Mimi nilifunguliwa mlango na malaria," alizoea kusema. "Si lazima wote wangoje malaria." Magoti yake yalipoharibika, akaacha safari, akamwomba rafiki yake mmoja mwenye uwanja kule Shimanzi amwachie lori kuukuu na trela lake, akawa anafundisha wale wenye leseni na wasio na pa kuanzia.

Makala yangu ilipotoka nilikwenda barazani kunywa kahawa kama kawaida, kifua mbele, nikitaraji ugomvi. Alikuwa ameketi na gazeti amelikunja gotini. Wenzetu wote wakatutazama, vikombe mikononi. Akanipa salamu kamili, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza hali ya mamangu. Kisha akasema, "Bwana, umeandika Kiswahili kizuri. Ila kuna kosa. Lori lile si la magurudumu kumi na manane. Kichwa kina kumi, trela lina kumi na mawili. Ni ishirini na mawili. Hebu wasahihishie watu." Baraza zima likacheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Mimi sikucheka, wala sikusahihisha. Nilimjibu kwamba mwandishi haandiki ili kuhesabu matairi. Tangu siku hiyo yeye alinisalimu kila tulipokutana, na mimi nilimwitikia kwa ncha ya ulimi.

Alivyomfundisha binti yangu nilikuja kusikia kwa mke wangu, vipande vipande, nikijifanya nasoma. Wiki nzima ya kwanza hakumruhusu kupanda. Alimpa nyundo ya mpira akamwambia azunguke lori, agonge kila gurudumu, asikilize. Tairi lenye upepo lina sauti yake, na lililolegea lina yake, na mara nyingi tairi bovu hujificha upande wa ndani, penye jozi, ambapo jicho halifiki. Alimtaka ayataje kwa hesabu mpaka la mwisho, na akiruka moja aanze upya. Wiki ya pili akamfunza kurudi nyuma, ambako ukitaka trela liende kulia unazungusha usukani kushoto, na ndiko wengi hushindwa. Mzee alivua makubadhi yake, akayapanga chini pale trela linapotakiwa kusimama, akasema, "Simama kabla hujayafikia. Ukiyakanyaga, mimi narudi nyumbani miguu mitupu na aibu ni yako." Akayakanyaga. Siku ya kwanza tu, kubadhi la kushoto likawa bapa, alama za tairi zimejichora juu ya ngozi. Mzee akatembea pekupeku kutoka aliposhuka matatu mpaka mlangoni kwake, watu wakimuuliza, naye akijibu kwa sauti ili wote wasikie: "Mwanafunzi wangu amejua kurudi nyuma. Amezidisha kidogo tu." Na lile kubadhi hakulitupa. Alilipeleka likashonwa, akaendelea kulivaa na alama zake, hata kwenye harusi za watu.

Baada ya miezi mitano alikwenda naye kwa tajiri mmoja wa malori aliyewahi kumfanyia kazi, akamwambia, "Huyu hana uzoefu. Mpe wangu." Tajiri akakubali kwa sharti kwamba mzee aende naye safari ya kwanza, na magoti yake yale.

Sasa nije kwenye asubuhi ninayoikimbia tangu nianze kuandika. Kwetu mtu hatoki safari kubwa bila radhi za wazazi. Hushika mkono wa babake, akasomewa fatiha, akaondoka. Asubuhi ile, baada ya sala ya alfajiri, binti yangu alikuja sebuleni na mkoba wake begani, akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimefungua gazeti. Akasema, "Baba, nimekuja kuaga." Nikasema, "Sijamaliza kusoma." Akangoja. Nikafungua ukurasa mwingine. Nakumbuka hata nilichokuwa nikikisoma. Kilikuwa safu hii, nilikuwa najisoma mwenyewe. Akangoja tena, muda mrefu kuliko nilivyotaraji, kisha nikamsikia akishuka ngazi. Dirisha lilikuwa wazi. Chini barazani mzee alikuwa akimsubiri na wazee wengine waliotoka msikitini, nikasikia sauti yake: "Babako hakuwahi?" Labda binti yangu alijibu kwa kichwa. Mzee akasema, "Haya, njoo hapa mwanangu. Inueni mikono, jamani." Akamsomea fatiha pale barazani, na wote wakaitikia amin, sauti kumi hivi za wanaume, na mimi juu nimeshikilia gazeti. Ningeweza kuitikia. Hata kimoyomoyo. Sikuitikia.

Miaka minne imepita. Huyu binti sasa ni dereva anayetambulika, anakuja nyumbani, ananiletea ndizi za Uganda, tunazungumza juu ya ndizi. Lori hatulitaji.

Nimefikiri sana siku hizi juu ya hiki tunachokiita heshima. Babu yangu alikuwa baharia. Alibeba mizigo ya bandari hii hii miezi mingi kwa mara moja, akalala juu ya magunia, akala alichokipata, na katika nyumba yetu akitajwa watu hukaa vizuri. Kitukuu wake abeba mizigo ya bandari hiyo hiyo, kwa ndia ya nchi kavu, na mimi niliona haya. Wavulana wetu wanakaa Ndia Kuu wakingoja jamaa zao wa Uarabuni wawaitie kazi, na kazi inapita pale Makupa ikipiga honi. Sisemi kila mtu aendeshe lori; na sasa makontena mengi hupanda treni, nao wenye malori hulia. Nasema tu kwamba kila kazi ina mlango wa kwanza, na mlango huo haufunguki mpaka mtu aliye ndani ainuke. Wengi wetu tulio ndani tunaandika makala.

Nilikwenda mazikoni. Penye kizingiti cha nyumba ya marehemu, kando ya viatu vya watu, yalikuwepo makubadhi yake, la kushoto lina alama za tairi. Nilivua viatu vyangu nikaviweka kando yake. Nilibeba jeneza kwa zamu yangu, nilitia mchanga makonzi matatu, nilipeana mikono na wanawe, na katika yote hayo macho yangu yalikuwa makavu kama ya mpita njia. Nikarudi nikaketi barazani, mahali pake pakiwa wazi kando yangu. Ndipo simu ikalia. Ni binti yangu. Alikuwa Mtito, njiani kuelekea bara; aliondoka Mombasa kabla ya alfajiri, mzee angali hai.

"Mmeshamzika?" akauliza. Nikasema tumeshamzika. Nikasikia magari yakimpita. Nikamuuliza mbona hajaondoka, maana mwendo wa lori naujua sasa, alipaswa kuwa mbele zaidi. Akasema, "Nimeegesha tangu saa sita. Siwezi kuwasha." Nikafikiri gari limeharibika. "Halijaharibika, baba. Kila safari, na kila nikisimama njiani, kabla sijawasha nilikuwa nampigia, ananisomea fatiha kwenye simu. Miaka minne. Leo nimeshika ufunguo nikampigia kwa mazoea. Amepokea mwanawe." Akaongeza, "Sasa sijui nimpigie nani."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja mapema, akanikuta barazani mbele ya watu. Sikumwambia binti yangu samahani, neno halikutoka. Nilisema, "Ngoja hapo hapo." Nikainua mkono mmoja, wa pili umeshika simu, nikaanza kusoma. Sura niisomayo mara kumi na saba kwa siku katika sala ilinipotea katikati, ikabidi nianze upya, na wazee waliokuwa karibu wakaelewa, wakainua mikono wao pia. Nilipomaliza wakaitikia amin, na kule Mtito akaitikia naye. Bado sikulia. Nilichoweza kukifanya ni kumuuliza, kwa sauti kali nisiyoitaka, "Umeyagonga magurudumu?"

"Nimeyagonga, baba."

"Yote?"

"Yote ishirini na mawili."

Kisha nikasikia injini ikiwaka. Hakukata simu mara moja, wala mimi sikukata, tuliisikiliza pamoja.

Funzo ninalolipata ni dogo, nami nalisema kwa aibu: msahihishie mtu angali ana macho ya kusoma. Mimi nimechelewa kwa miaka minne na siku moja. Kwa hivyo, katika makala yangu ya zamani juu ya mzee mmoja wa Mji wa Kale palikuwa na makosa. Niliandika kwamba malori aliyofundishia ni ya magurudumu kumi na manane. Ni ishirini na mawili. Niliandika kwamba alipotosha binti wa mtu. Binti ni wangu, na hakupotea.