Mguu wa Mtani

Ipo siku moja siisahau, mjukuu wangu, ingawa siku hizi nasahau hata mahali nilipoweka bakora yangu. Ilikuwa Jumapili, enzi za Mjerumani, kwenye uwanja wa vumbi karibu na stesheni ya Morogoro, nami nilikuwa kijana wa umri wako. Jana ulipokuja kunipa shikamoo na kuniambia umesajiliwa Dar es Salaam kucheza beki, nyumba nzima ilipiga vigelegele, mimi nikanyamaza. Mama yako alidhani sikufurahi. Nilifurahi sana, ila nilikuwa nimerudi kwenye uwanja ule, na kila nikirudi huko nachoka upya. Kaa hapo kwenye mkeka nikueleze, maana kazi unayoiendea niliwahi kuifanya.

Usicheke. Nililipwa kucheza mpira kabla baba yako hajazaliwa.

Niliteremka kutoka kwetu mlimani, upande wa Kinole, kutafuta fedha ya kodi ya kibanda, ile ambayo serikali ya Mjerumani iliitoza kila nyumba. Nikapata kazi ya kukata mkonge kwenye shamba la Mjerumani mmoja tuliyemwita Bwana Ndevu. Huyu bwana alikuwa na mpira wa ngozi alioletewa kutoka kwao, na kila Jumapili alitupanga sisi wafanyakazi wake tucheze na vijana wa reli. Kila mtu alitaka kukimbilia mbele akafunge. Mimi nilibaki nyuma kwa sababu mbio sikuwa nazo, lakini kifua nilikuwa nacho, na aliyenijia alirudi alikotoka. Baada ya Jumapili tatu Bwana Ndevu aliniita.

"Wewe hapana kata mkonge tena," aliniambia kwa Kiswahili chake. "Wewe kula nyama, wewe lala. Jumapili wewe funga mlango."

Basi hiyo ikawa kazi yangu. Wenzangu walirudi jioni mikono imechanwachanwa na miiba, wakanikuta nimeoga, nimekula, nimejinyoosha. Walinionea wivu, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda wanionee wivu. Kichwa kilinivimba. Nilianza kutembea kama mtu mwenye shamba lake.

Sasa upande wa reli kulikuwa na kijana mmoja, Kibwana, mwembamba, mwepesi, anayecheka hovyo. Alikuwa Mluguru mwenzangu, tena mtani wangu. Ninyi mliokulia mjini mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Kwetu, ukoo wao na ukoo wetu ulikuwa na utani wa tangu mababu. Mtani atakutukana mbele za watu, atachukua kuku wako ukimtazama, nawe huna la kusema isipokuwa kumrudishia utani wake. Lakini siku ya msiba ni yeye anayechimba kaburi, ni yeye anayejifunga shuka ya marehemu na kutembea kama marehemu mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Mtani hakasirikiwi. Hilo tulifundishwa kabla ya kujua kuvaa nguo.

Jumapili hiyo watu wa mlimani walikuwa wengi, wameleta ndizi na mboga sokoni wakapitia uwanjani. Kibwana aliwaona, akapata hadhira. Alinipita mara ya kwanza, akafunga. Akanipita mara ya pili, akafunga, kisha akageuka akasema kwa sauti, "Jamani, huyu mtani wangu ananenepeshwa na Mzungu! Mtazameni shavu! Idi ikifika mniite nije kula nyama!"

Uwanja mzima ulicheka. Watu wa kwetu walicheka kuliko wote, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Ningemwambia neno lolote, hata la kijinga, wangecheka tena na mambo yangeisha. Lakini nilimtazama Bwana Ndevu, ambaye hakuelewa kitu, nikaona uso umemwiva. Nikaogopa kurudishwa kwenye mkonge. Hasira ikanipanda, mwanangu, hasira ya kumkasirikia mtani.

Alipokuja mara ya tatu sikuutazama mpira. Niliutazama mguu. Nikaupiga chini ya goti kwa nguvu zangu zote, na ukalia kama muwa unapovunjwa.

Bwana Ndevu alipiga makofi. Vijana wa shamba walishangilia. Watu wa mlimani walibeba makapu yao wakaondoka bila kuniaga hata mmoja.

Siku ya tano mjomba wangu akateremka. Mjomba Mbegu, kaka wa mama, ndiye aliyenilea, na kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Alitembea kutwa nzima na kifua chake kibovu, akanikuta nimekaa kivulini, sifanyi kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alikohoa mpaka akashika ukuta. "Ni kweli umemkasirikia mtani?"

"Alinitukana mbele ya watu, mjomba."

"Sasa ulitaka akutukane wapi, jikoni?"

Akaketi kando yangu. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Nina mbuzi mmoja. Ijumaa hii panda, tumchukue, twende kwa kina Kibwana tuombe radhi. Mimi nitasema, wewe utakaa chini. Siwezi kwenda bila wewe, na wewe huwezi kusemewa na mwingine isipokuwa mimi. Twende mapema, mwanangu, mimi sijisikii vizuri."

Nilimwambia mjomba kwamba Bwana Ndevu hataniruhusu, tuna mechi kubwa. Akaomba maji, akanywa, akarudi mlimani.

Ukweli ni kwamba sikumwomba Bwana ruhusa. Sikumwomba kabisa. Niliona aibu kwenda kukaa chini mbele ya wazee wa Kibwana, na wakati huo jina langu lilikuwa limeanza kuvuma. Wachezaji wa upande wa pili walikuwa wakiniona wanakwepa. Mjomba alituma salamu mara ya pili, nikajibu Ijumaa ijayo. Akatuma mara ya tatu, akaniambia mbuzi amezaa na bado ananisubiri. Nikajibu tena Ijumaa ijayo. Nilikuwa kijana, nikidhani Ijumaa hazitakwisha.

Kilichokwisha ni kifua cha mjomba. Habari ilinifikia asubuhi, nikapanda mlima nikilia njia nzima.

Nilipofika niliwakuta watani wameshafika. Nilishukuru Mungu moyoni, nikasema kumbe wamesamehe. Walikuwa wakichimba kaburi. Lakini kulikuwa kimya. Walichimba, wakachota maji, wakapasua kuni, kila kazi yao wakaifanya sawasawa kama vibarua, na hakuna aliyetania. Hakuna aliyejifunga shuka ya mjomba, hakuna aliyeigiza kikohozi chake, hakuna aliyemwambia mama yangu kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa ugoro. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, na hapakuwa na mtu wa kumkatisha kilio. Sijawahi kuona msiba mkavu namna ile. Wanawake walinitazama, kisha wakatazama pembeni.

Kibwana alikuwapo. Alikaa ukingoni mwa kaburi, mguu mmoja ameunyoosha, mkongojo kando yake, anavuta udongo kwa jembe la mkono. Niliona mguu ule umeunga vibaya, umepinda. Nikapiga magoti kwenye udongo.

"Nitukane, mtani," nikamwambia. "Nakuomba. Nitukane mama asikie."

Hakuinua macho. Alisema polepole, wala si kwa hasira, "Ningekuwa na mtani ningemtukana. Wewe ni mtu wa Bwana."

Akaendelea kuvuta udongo.

Nilirudi shambani nikaomba nirudishwe kwenye mkonge. Bwana Ndevu alidhani nimerogwa. Baadaye vita vya wazungu vikaja, yeye akaondoka, na shamba likaota majani. Nilipata mbuzi wangu mwenyewe, nikaenda kwa kina Kibwana. Walimpokea mbuzi, wakanipa maji ya kunywa, wakaniambia yaishe, lakini hapakuwa na mjomba wa kunisemea, na kila mmoja pale alijua. Kibwana aliishi miaka mingi, akichechemea. Tukikutana sokoni alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za watoto, kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni. Hakunitania tena mpaka alipokufa. Heshima hiyo imenichosha kuliko kazi zote nilizofanya duniani.

Basi, mwanangu, nakwambia hivi. Kacheze kwa nguvu, sikukatazi, kazi yako ni kuzuia. Lakini atakayekupita na kukucheka, mwache acheke, kesho utamzuia. Watakaokupigia makofi kwa kuumiza mtu hawatakuja kwenu siku ya msiba, wala hawajui njia ya kufika. Ukimuumiza mwenzako, na utamuumiza, maana mpira ndivyo ulivyo, nenda kwake siku ileile. Usiseme Ijumaa ijayo. Nenda na mkubwa wako akiwa bado ana pumzi ya kukusemea. Na mtu anayekutania, mrudishie utani wake, hata kama huna neno la maana, na umshukuru Mungu kwamba yupo anayekuhesabu kuwa wake.

Nami nilimzika Kibwana. Wanawe waliniita kwa sababu ndivyo desturi inavyotaka. Nilijifunga shuka yake, nikasimama mbele ya wajane wake nikitaka kuwachekesha, nikafungua kinywa, na neno halikuja. Nikaivua, nikaikunja, nikaiweka chini.

Haya, inama nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu akupe miguu mizima, na awape miguu mizima wote utakaokutana nao uwanjani. Akurudishe nyumbani ukiwa na watu wa kukucheka. Amina. Sasa nenda, gari lisikuache.