Simu Kumi na Moja za Masiye Jere

Ba Kapasa alikuwa na kanuni moja kazini, na ndiyo iliyomponza: jaribu kwanza, andika baadaye. Alinifundisha hivyo siku nilipoingia ofisi ya mawasiliano ya mgodi wetu hapa Kitwe, nikiwa na cheti kipya na domo refu. Yeye cheti hakuwa nacho. Alitoka Luwingu akiwa kijana, akaanza kwa kupanda nguzo za simu, na mambo yalipobadilika akajifunza ruta, mashine zinazoelekeza simu, kwa kuzifungua na kuzifunga mezani kwake nyumbani, hadi mkewe akamwambia basi ahamie nazo kabisa.

"Chilufya mwanangu," aliniambia, "ruta ina kumbukumbu mbili. Moja ni ya mambo ya sasa: amri uliyoipa punde hii, simu zinazopita, nani kampigia nani. Hiyo umeme ukikatika inakufa. Ya pili ni ya yaliyoandikwa. Ikiamka inasoma hayo, na haijui lingine."

Kwa hiyo ukiipa amri mpya usikimbilie kuiandika. Ukikosea, unazima, unawasha, inarudi ilivyokuwa. Ikikaa sawa, ndipo unaandika. Kanuni nzuri, sina ubishi nayo. Ubaya wake ni kwamba ukisahau kuandika huoni dalili yoyote. Ruta itafanya kazi vizuri tu, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku izimike.

Mwaka jana, mwezi wa tano, chumba cha udhibiti kilihamia jengo jipya karibu na lango. Hicho ndicho chumba ambacho simu za dharura huita kutoka chini ya ardhi, na mtu wa chini haruhusiwi kuacha kituo chake mpaka apokelewe na apewe ruhusa ya kupanda. Ba Kapasa akaipa ruta amri mpya, simu za chini ziite jengo jipya. Alikuwa bado ameketi pale ilipofika habari kutoka hospitali kwamba mkewe amekata roho. Alisimama, akavaa koti mkono mmoja tu. Mlangoni akanigeukia.

"Jaribu simu zote sita. Zikiita, andika."

Nilizijaribu. Zote sita ziliita. Kisha lori la waombolezaji likapiga honi nje, wanawake wameshaanza kuimba, nami nikajifunga chitenge nikakimbia. Sikuandika. Nasema wazi, maana hakuna mwingine wa kusema: sikuandika, na wala sikukumbuka. Ba Kapasa alirudi baada ya majuma mawili, amekonda, akakuta kila simu inaita panapotakiwa. Hakuniuliza.

Katika msiba ule wa mkewe ndipo nilipomjua Masiye Jere, mtu wa pampu ya kutoa maji chini ya ardhi. Alikuwa Mngoni wa Chipata, na Wangoni na sisi Wabemba ni watani tangu mababu walipochoka kuchinjana. Kila asubuhi langoni yeye na Ba Kapasa walikuwa na yao. Mla nyani, Masiye angeuliza, mkia umeuacha nyumbani? Na wewe mla panya, paka wako kalala njaa tena? Siku ya mazishi Masiye alivaa aproni ya marehemu, akashika kiuno na kumgombeza Ba Kapasa mbele ya watu wote, kwa sauti ileile ya mke, kuhusu ruta zilizojaa mezani. Ba Kapasa alicheka huku machozi yanamtiririka. Ni kazi ya mtani hiyo, na Masiye aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Miezi kumi na minne ruta haikuzimika hata dakika moja. Betri zake ziliibeba katika kila mgao wa umeme, mpaka zenyewe zikachoka. Ba Kapasa aliomba mpya mara tatu. Mara tatu meneja wetu, Bwana Siame, alimwambia asubiri.

Jumanne moja ya mwezi wa saba umeme ulikatika saa nne asubuhi. Jenereta iliwaka baada ya sekunde arobaini. Betri hazikushika, ruta ikazimika kwa sekunde hizo arobaini, kisha ikaamka na kusoma yaliyoandikwa. Simu za chini zikarudi kuita chumba cha zamani, ambako siku hizi tunaweka saruji na mabuti mabovu.

Pampu ya Masiye haikuwaka tena. Maji yakapanda. Walimtoa saa kumi jioni, maiti.

Kesho yake asubuhi Bwana Siame alikuwa tayari na maelezo. Chumba cha udhibiti hakikupokea simu hata moja kutoka kwenye pampu. Kwa hiyo mtu hakupiga, na kama hakupiga basi alikuwa amelala. Kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa unasema alilewa. Mtu aliyekuwa hagusi pombe! Mkewe, Mama Tiyamike, aliyasikia hayo akiwa amekaa chini katika nyumba ya msiba wake mwenyewe.

Ba Kapasa alirudi ofisini. Aliifungua ruta kwenye kompyuta, akaitazama ile kumbukumbu ya mambo ya sasa, nami nikiwa nyuma ya bega lake. Simu kumi na moja kutoka kwenye pampu. Zote zimeelekezwa chumba cha zamani, hakuna iliyopokelewa, na bila kupokelewa Masiye hakuwa na ruhusa ya kupanda. Chini yake ruta ilionyesha imekuwa macho tangu lini: tangu jana, saa nne. Alielewa. Nami nilielewa.

Bwana Siame aliingia, akaiona kompyuta, akafunga mlango. Alisema kwa upole kabisa kwamba amri sahihi iandikwe, ruta izimwe na kuwashwa, na mambo yaishe. Ba Kapasa akamwambia ikizimwa, simu za Masiye zinapotea.

"Mzee, umebakiza miezi mitano ustaafu," alisema Siame. "Na kosa ni la nani? Unataka mimi ndiye niseme?"

Akaondoka. Wala haikuwa lazima mtu azime chochote. Ratiba ya mgao ilisema umeme unakatika saa nane, betri zilikuwa zimekufa, na sasa ilikuwa saa saba na robo. Ba Kapasa angekwenda tu kula nshima yake, ugali wetu, taratibu, umeme ungemfanyia kazi yote. Mungu anisamehe, niliomba moyoni aende akale.

Badala yake alichomoa daftari. Kompyuta ni ya kampuni, alisema, kesho wanaweza kuichukua. Akanakili kwa mkono mistari kumi na moja, saa ya kila simu na muda ilioita. Mwisho akaandika: Amri haikuandikwa. Kosa ni langu.

"Ba Kapasa," nikasema, "uliniambia mimi."

"Nilikuambia. Lakini ruta ni yangu, na sikuiangalia. Wewe tia saini kwamba namba ni sahihi, basi."

Nikatia saini. Sikubisha tena. Saa nane umeme ukakatika na taa za ruta zikazimika zote.

Tulifika nyumba ya msiba tukiwa tumefuatana. Alipoingia walikokaa wanawake, nyumba ilichangamka, maana mtani amekuja, na wote walijua deni la ile aproni. Shangazi mmoja akasema mla nyani huyo, ficheni ndizi. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

"Masiye nimemuua mimi," alisema.

Wakaangua kicheko. Shangazi akajibu kwamba wanajua, Wabemba wamewaua tangu enzi za mababu. Ba Kapasa akarudia: "Alipiga simu mara kumi na moja, mimi nikaziacha ziite kwenye chumba cha mabuti." Wakacheka tena, mwingine akapiga makofi. Mama Tiyamike peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mikono.

Akafungua karatasi aliyoichana kwenye daftari, akasoma. Saa nne na dakika sita. Saa nne na dakika tisa. Saa nne na dakika kumi na mbili. Alipofika ya tano nyumba ilikuwa kimya.

"Ya mwisho iliita muda gani?" mjane akauliza.

"Dakika tisa."

"Kwa hiyo hakulala."

"Hakulala, mama."

Akaichukua karatasi, akaisoma yote mpaka chini. Hakusema amemsamehe. Wanaume wa ukoo walimtoa Ba Kapasa nje. Hawakumgusa. Walimkalisha peke yake mbali na moto, na mpaka jua linazama hakuna Mngoni aliyemtania. Siku ya tatu kampuni ilimfukuza, akarudi Luwingu.

Jioni ile ya msiba mimi nilikuwa nimejibanza ukutani na neno langu mdomoni: sikuandika. Chakula kilipoletwa, nshima na kabichi, Mama Tiyamike alinionyesha kwa kidole na kuwaambia wadogo zake waanze na mimi, kwa kuwa ndimi niliyetia saini, ndimi niliyemsafishia mumewe jina. Wakaniletea beseni na maji. Nikanyoosha mikono, nikanawa, nikala.