Kipande cha Nyumba Yetu Kwenye Ndiva

Kiangazi huku kwetu milimani ndiyo msimu wa kuitwa. Masika kila mtu anahangaika na shamba lake na matope yake, lakini mvua ikikatika tu, matangazo ya kanisani yanakuwa marefu kuliko mahubiri. Jumamosi hii barabara ya zahanati, wanaume waje na majembe na sururu. Jumamosi ijayo mawe ya darasa jipya, kina mama waje na ndoo za maji. Kipaimara. Mnada wa mavuno baada ya ibada, ambapo nimewahi kumwona mtu akipandishiana bei na jirani yake kwa jogoo aliyemtoa mwenyewe. Mpira wa vijana wa juu na vijana wa chini, ambao hauishi bila mtu kushikwa shati. Walioko Dar na Mwanga wanapanda kuja kutusalimia, wanapiga picha na migomba yetu, wanaulizwa watachangia nini, wanashuka.

Katikati ya hayo yote uko msaragambo wa ndiva, kazi ya pamoja ya vitongoji vyote, na huo ndio wenye uzito.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe, lilichimbwa na wazee wetu huko juu ya vitongoji. Usiku linajaa maji ya kijito, alfajiri linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba na siku yake. Tope linatuama chini mwaka mzima. Kiangazi kikianza tunalikausha na kulizoa, na hakuna anayelipwa. Kila nyumba inapimiwa kipande chake kwa fimbo, na mtu wa nyumba hiyo anakichimba. Ukichimba una zamu ya maji. Usipochimba huna. Ndiyo hivyo tu, hata mtoto anaelewa.

Kipande chetu alikuwa anakichimba mwanangu wa mwisho, aliyebaki na mimi nyumbani. Mwaka huu akafa. Pikipiki ilimshinda kwenye kona akipanda kutoka Same na mfuko wa mbolea. Tulimzika nyuma ya nyumba, na ile mbolea waliyoiokota barabarani wakaja kuiweka barazani kwangu, nikaikuta hapo nilipotoka kaburini, nikasema asanteni.

Sikulia. Watu walinisubiri nilie. Waliniletea wanawake wa kunishika, wakanishika, nikakaa tu mikononi mwao kama debe. Ukishawahi kung'olewa jino hospitali utanielewa. Ile sindano ikishaingia, unajigusa shavu na unaona ni shavu la mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilipika makande nikala, sikujua kama yana chumvi. Nikashika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, nikajua ni ya moto kwa harufu. Mjukuu wangu, binti wa marehemu, anasomea ualimu, alikuwa amekuja likizo. Yeye alilia kwa niaba yetu wote wawili. Ni mtoto mzuri. Mrefu, ana mabega ya babu yake, na darasani wenzake wanamtafuta awaeleweshe. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Basi tangazo la msaragambo likasomwa. Baada ya ibada mwenyekiti wa kamati ya ndiva akanifuata pale nje ya kanisa. Ni mwanamume wa makamo, mpole, nimemjua tangu anatembea bila suruali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Jumamosi usijisumbue. Nyumba yenye msiba tunaipumzisha. Ni utaratibu."

"Na maji?"

"Maji yatakaa kwa jirani yako wa chini, kwa muda. Mpaka mtakapojipanga."

"Tujipange na nani? Tumebaki wawili na mbuzi."

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. Akasema, "Mama, ni kukuonea huruma tu."

Mimi shule niliiacha mapema, lakini "kwa muda" naijua. Alikuwepo mjane mmoja hapo ng'ambo ya korongo. Mumewe alipofariki walimpumzisha hivyo hivyo, kwa huruma hiyo hiyo. Zamu yake ikaenda kwa jirani kwa muda. Mwaka uliofuata jirani alishapanda tangawizi, huwezi kumkatia mtu maji ana tangawizi shambani. Mwaka mwingine tena hakuna aliyekumbuka ilikuwa zamu ya nani. Yule mama sasa yuko huko chini tambarare, Maore, kwa mwanawe, na shamba lake limeota miiba. Hakuna aliyemwibia. Walimpumzisha tu.

Na mimi nilikuwa na maharage ardhini, yanatoa maua. Na mwanafunzi wa ualimu ambaye ada yake inatoka kwenye shamba hilo. Sikuwa na uchungu wala hasira. Nilijua tu kwamba Jumamosi nakwenda, kama unavyojua jioni utafungia kuku.

Jumamosi nikachukua jembe, mjukuu akachukua karai, tukapanda. Nilikwenda taratibu, magoti yangu hayapendi ule mlima. Tulipofika juu, ndiva ilikuwa imeshakauka, imejaa watu, wanaume chini kwenye tope, wanawake wanapokezana makarai, nyimbo zinaendelea. Nikatafuta kipande chetu, upande wa kushoto karibu na mlango wa maji. Nikakikuta kimechimbwa. Kimechimbwa kikasafishwa, chini panaonekana udongo mwekundu, tope lote limerundikwa ukingoni.

Wanawake wa jumuiya yetu walikuwa wamesimama hapo wananiangalia, wamelowa hadi magotini. Walipanda na giza la alfajiri. Mbele yao wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mkubwa kama mimi, anahema.

"Tumekumalizia, wifi," akasema. "Rudi ukapumzike."

Nikaangalia lile shimo. Nilijua natakiwa kusema asante, na nilijua wengine wangelia hapo. Nikauliza, "Nani aliwaambia?"

"Tuambiwe na nani? Sisi si watu wako?"

Mwenyekiti akaja na fimbo yake ya kupimia. Nikamwuliza mbele ya watu, "Kipande hiki kimechimbwa na nyumba gani?"

Akasema, "Kimechimbwa na jumuiya, mama. Kwa upendo."

"Nyumba yangu imechimba wapi?"

"Nyumba yako imepumzishwa."

"Haya."

Nikapanda ukingoni lilipokuwa lile rundo. Nikapiga jembe, nikavuta tope, likaanguka ndani ya kipande. Nikapiga tena. Tope lililolala ni zito, linafyonza jembe, likianguka linatoa mlio wa matusi. Mjukuu wangu akasimama na karai lake, hajui aangalie wapi.

"Bibi, unafanya nini?"

"Narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Kazi yangu. Sogea nisikurushie."

Nyimbo zikapungua, kisha zikakatika. Kijana mmoja wa wale waliokuja kutoka Dar, na viatu vyake vyeupe, akasema, "Huyu ndiye Mpare halisi. Atatupeleka mahakamani Same kwa ajili ya tope." Watu wakacheka. Alisema kweli, ningekwenda.

Wifi yangu hakucheka. Alinishika kanga. "Wifi, watu watasema umepata wazimu."

"Waseme. Lakini waseme nimechimba."

"Nimeamka usiku kwa ajili yako. Mgongo wangu huu."

"Najua."

"Najua, najua. Ndiyo maana kaka yangu alikonda mpaka akafa."

Hapo hata wazee walicheka, na mwenyekiti akageuka pembeni. Nilijua kwamba ni la kuchekesha. Mume wangu alikuwa na tumbo, ndiva nzima inalijua. Niliona mdomo wa wifi unatetemeka, hasira na kicheko pamoja, nikangoja changu kije. Hakikuja. Nikaendelea na jembe.

Tope lilipokuwa limerudi la kutosha, nikashuka ndani. Zamani mwanamke hakuingia chini ya ndiva, alibeba tu. Siku hizi hakuna anayeuliza, wanaume wenyewe wako wapi. Nikaanza kuchimba. Mjukuu akavua viatu akaingia na karai. Mmoja wa kamati akasema sheria ni mtu mmoja wa kuchimba kwa kila nyumba.

"Ndiyo, mmoja," nikamwambia. "Huyu anabeba. Macho yako yana nini?"

Wanawake wawili watatu wakataka kushuka kunipokea jembe. Nikawaambia wasiguse. Siwezi kusema nilikuwa na nguvu. Nilipiga majembe machache, nikasimama, nikapiga tena. Wengine walimaliza vipande vyao wakapanda juu kula. Mjukuu alinijazia karai kwa mikono pale jembe lilipokuwa dogo kuliko kazi, akapandisha, akamwaga, akarudi, tope hadi kwenye nywele alizosukwa Same kwa hela yake. Mara moja tu aliuliza, "Bibi, baba alikuwa anaanzia wapi?"

"Kwenye mlango wa maji, anarudi nyuma."

Tukahamia kwenye mlango wa maji, tukarudi nyuma.

Wifi yangu hakuondoka. Alikaa ukingoni na chupa ya chai, akanitukana kidogo kidogo kama mtu anayemenya viazi. Kwamba nina kichwa cha punda. Kwamba nilipoolewa walimwonya kaka yake. Kwamba nachimba kama kuku. Kila nilipokuwa naishiwa pumzi nilimsikia yuko pale, na nadhani bila sauti ile ningekaa chini kwenye tope nikabaki.

Jua lilikuwa linainama mwenyekiti aliposhuka kupima. Akasimamisha fimbo kwenye kipande changu. Lazima niseme ukweli, wale wanawake walikuwa wamekichimba vizuri kuliko mimi. Wao walifika kwenye udongo mwekundu. Mimi niliacha mgongo wa tope katikati, fimbo ikaonyesha pungufu, na kila mtu aliyekuwa pale aliona. Ndiva ilikuwa mbaya kidogo kuliko asubuhi kwa sababu yangu.

Mwenyekiti akaiangalia fimbo. Akaniangalia mimi, akamwangalia mjukuu wangu, akamwangalia jirani yangu wa chini, yule ambaye maji yangekaa kwake. Jirani ni mtu mzima, ana watoto wengi, na hakuwa ameomba chochote. Alikuwa anafuta jembe lake kwa majani.

"Unasemaje?" mwenyekiti akamwuliza.

Jirani akasema, "Mimi niseme nini? Mama amechimba."

"Kimepita," mwenyekiti akasema.

Wakati wa kusoma zamu, nyumba yetu huwa inaitwa kwa jina la mwanangu, na kabla yake ilikuwa kwa jina la baba yake. Mwenyekiti alipofika pale hakulisoma jina la mwanangu. Kisha akasema, "Jumatano, nyumba ya bibi na mjukuu." Watu wakaitikia kama wanavyoitikia nyumba yoyote. Wifi yangu akanipa chai iliyokwisha poa na kusema kwamba Jumamosi ya mawe ya shule hatakuja kunitafuta, nijibebe mwenyewe. Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, hilo nililijua kwa kuwa ilinata midomoni.

Jumatano alfajiri mjukuu alikwenda juu kufungua, mimi nikangoja shambani na jembe. Maji yalikuja yakisukuma majani makavu mbele yake, machafu kwanza, kisha meupe. Nikayakata yaingie mstari wa kwanza wa maharage, kisha wa pili. Nilifikiri labda hapo ndipo nitalia, hakuna mtu, hakuna wa kunishika. Nilisimama nikangoja. Maji yalinipita miguuni, maharage yakanywa, mimi nikawa vile vile. Basi nikafanya kazi.

Jirani wa chini alikuja akakaa kwenye mpaka wetu, ananiangalia.

"Shikamoo mama. Yakibaki utaniachia?"

"Marahaba. Hayabaki."

"Hata kidogo?"

"Una siku yako."

Akacheka, akasema sawa, akabaki amekaa. Mjukuu alirudi akanikuta mistari ya mwisho, akachukua jembe mkononi mwangu bila kuomba, nikamwachia. Anakata maji vizuri, hayamwagiki. Nilimwambia kwamba kiangazi kijacho, kama chuo kitamruhusu, yeye ndiye atakayeshika jembe na mimi nitabeba karai. Akasema, "Bibi, utaweza kubeba?"

Nikamwambia aangalie maji, yanavunja ukingo.