Bertille na Kazi Tatu Alizoitiwa

Wanaume wengi wa Kalemie waliona haya kupimwa nguo na mwanamke, na Bertille alilijua jambo hilo. Kwa hiyo alikuwa akiwapima upesi, huku anaongea habari za samaki na za mvua, akimuuliza mtu kama mke wake alishapona malaria. Kabla mteja hajamaliza kuona haya, kipimo kilikuwa kimeshazunguka kifua na mabega, na Bertille alikuwa mezani anaandika namba kwa chaki.

Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na tano, wakati serikali ya Zaire ilikuwa imewavua wanaume tai na kuwavika abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai. Majina ya ubatizo nayo yalikuwa yameondolewa kwenye karatasi. Kitambulisho cha Bertille kilisema Mujinga, na pale biro, ofisini kwa serikali, walimuita Citoyenne Mujinga, yaani Raia Mujinga. Sisi majirani tuliendelea kumuita Mama Bertille, na padri pia.

Alikuwa mkataji katika karakana ya ushonaji ya masista, kule juu kilimani. Wanawake sita walikaa kwenye mashini wakashona, lakini kukata kulikuwa kwake peke yake. Mshono ukiharibika unaufumua na kuanza tena. Mkasi ukienda vibaya, kitambaa kimekwisha. Bertille alikuwa akisimama mbele ya meza ndefu, anakunja midomo, halafu anakata bila kusimama mpaka mwisho, na vile vipande vikishonwa vilikaa kwenye mwili wa mtu kama vilizaliwa naye.

Kwa kazi hiyo alipata zaire ishirini na nne, pesa ya nchi, kwa mwezi. Hazikuwa nyingi, na yeye hakusema ni nyingi. Lakini saa nane ya mchana alikuwa ametoka. Watoto wake watatu walisoma kwa masista bila kulipa minerval, ada ya shule. Nyumba ilikuwa yao, mume wake Augustin aliijenga tofali kwa tofali, na mtu akisimama mlangoni aliona ziwa lote. Upande wa pili wa mto Lukuga walikuwa na shamba la muhogo na mahindi. Augustin mwenyewe alikuwa karani wa bandari, aliandika mizigo iliyoshuka kwenye mashua za Kigoma. Mshahara wake uliweza kuchelewa mwezi mmoja, hata miwili, lakini muhogo haukuchelewa, na samaki wa jioni walipatikana.

Mambo yalianza siku mkubwa mmoja wa zone, yaani wilaya, alipovaa abakosti ya rangi ya majivu kwenye mkutano wa chama. Watu hawakukumbuka hotuba yake. Walikumbuka koti. Baada ya mkutano walimzunguka kumuuliza nani amekata, naye akajibu, na jina la Bertille likapanda treni.

Wa kwanza kuja alitoka Bendera, kule kwenye mitambo ya umeme. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyepewa kazi ya kutafuta mshonaji wa ovaroli za wafanyakazi. Alitaja zaire ishirini na mbili.

"Na nyumba iko, Mama," akasema. "Ya matofali, na taa usiku na mchana."

"Shule iko mbali?" Bertille akauliza.

"Shule wataijenga."

"Lini?"

Yule mtu akatazama dari, akaanza kucheka. Bertille naye akacheka. Wakacheka pamoja mpaka machozi, akampa maji ya kunywa na karanga za njiani, na wakaachana wakiwa marafiki.

Ya pili ilikuwa barua kutoka Lubumbashi. Duka kubwa la nguo lilitaka mkataji, na lilitaja zaire arobaini. Augustin aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaifungua tena, akaisoma mara ya pili.

"Arobaini!" akasema. "Mama Lucie, umesikia?" Alimuita mke wake kwa jina la binti yao wa kwanza, vile alivyozoea.

"Nimesikia. Waandikie, uwaulize tutalala wapi, natoka saa ngapi, na kama hiyo arobaini inaanza siku ya kwanza."

Jibu lilichukua wiki tatu. Nyumba hakuna, mfanyakazi anajitafutia. Kutoka ni saa kumi na mbili ya jioni, na siku ya posho, Jumamosi, pia kazi iko. Na miezi mitatu ya kwanza, ya kumjaribu, nusu ya mshahara.

Ilikuwa siku ya mungu, Jumapili mchana, Bertille alikuwa anapasua samaki, mikebuka, uani, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye viwiko.

"Kwa hiyo wananiita kule mbali nikapate ishirini," akasema.

"Miezi mitatu tu."

"Na hiyo miezi mitatu watoto watakula nini, Papa Lucie? Barua?"

Augustin aliikunja barua, akaingia ndani. Siku mbili alikula, akaenda bandarini, akarudi, bila kuitaja barua tena. Bertille alifikiri amekasirikia pesa. Siku ya tatu, wakiwa shambani wanang'oa muhogo, Augustin akasema bila kumtazama:

"Mimi sikutaka arobaini. Nilitaka watu wakujue. Unakata vile, na unajulikana Kalemie tu."

Bertille akaweka jembe chini. Alituambia baadaye kwamba pale ndipo alipotaka kukubali, hata kwa hiyo ishirini, kwa ajili ya yale maneno. Lakini aliangalia shamba, akafikiria chumba cha kupanga huko Lubumbashi, na maji ya kununua, na Augustin bila kazi amekaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Akasema tu, "Asante, bwana wangu." Wakaendelea kung'oa muhogo. Barua hakuitupa. Aliiweka ndani ya sanduku la vitenge.

Ya tatu haikuja kwa barua. Alikuja mtu mwenyewe, Papa Gérard, mfanyabiashara wa Kabalo, aliyekuwa na duka karibu na stesheni. Huyu alijua kuongea. Alitaja zaire ishirini, akatulia, kisha akaongeza moja moja: chumba bure, safari ya reli ya kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, jina la gérante, msimamizi wa duka, juu ya mlango, na baada ya mwaka mmoja, faida ya koti moja katika kila makoti matano itakuwa ya Bertille.

"Ishirini ni kidogo kuliko ile niko nayo," Bertille akasema.

"Leo, Mama. Leo ni kidogo. Lakini kule kwa masista, kesho itakuwa ngapi?"

Lile swali lilimchoma. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na kwa masista kulikuwa hakuna kesho ya aina hiyo. Ma Sœur Claire, sista mkubwa wa karakana, alikuwa mtu mwema, lakini mwaka ule alikuwa amesema wazi kwamba hana cha kuongeza. Bertille hakuwahi kuwa na kitu cha kazi kinachoitwa chake, hata mkasi ulikuwa wa masista. Akamwambia Papa Gérard: "Nitakuja kuona kwanza. Siwezi kukubali nyumba ambayo sijaingia."

Akapanda treni asubuhi, na mkate wa muhogo na samaki wakavu ndani ya kitambaa. Treni ilisimama kila mahali, huko Nyunzu ikasimama mpaka watu wakashuka kupika. Alifika Kabalo jioni, joto bado linatoka chini kama kwenye tanuru. Mke wa Papa Gérard, Mama Martine, alimpokea vizuri, akampa maji ya kuoga na bukari, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Kesho yake wakampeleka dukani. Chumba cha kulala kilikuwa safi. Meza ya kukatia ilikuwa pana, ya mbao ngumu, nzuri kuliko ya masista, na Bertille aliipitishia mkono kama mtu anayepapasa mtoto. Kisha akafika kwenye mashini mbili dirishani. Moja ilikuwa na mto mdogo kwenye kiti, na chini ya sindano kulikuwa na mkono wa shati, nusu umeshonwa.

"Hii mashini ni ya nani?" akauliza.

"Ya wewe," Papa Gérard akasema.

"Na hili shati?"

Papa Gérard akaitwa na mteja, akatoka. Bertille akapita mlango wa nyuma. Kwenye baraza alikuta mzee mwembamba, miwani yake imefungwa na uzi, anapanga vifungo ndani ya makopo kufuata rangi. Akasalimia. Mzee akasimama kumpa kiti. Jina lake lilikuwa Papa Damien.

"Ni wewe mukataji wa Kalemie?" mzee akauliza. "Karibu, Mama. Walisema unakuja tarehe mosi. Nilikuwa napanga vitu, usikute fujo."

"Na wewe utakuwa wapi, Papa?"

"Mimi na mwenzangu tunamaliza kazi mwisho wa mwezi." Alisema bila uchungu. "Miaka kumi na moja niko hapa. Lakini macho, Mama. Kushona bado naweza. Kukata, mstari unanikimbia."

Bertille akamuuliza anapata ngapi. Kumi na tatu. Na mwenzake kumi na moja. Akaelewa zile zaire ishirini zimetoka wapi. Alikaa pale muda mrefu, akamsaidia kupanga vifungo vilivyobaki, kwa sababu hakujua aseme nini.

Mchana walipoketi kula, alingoja Papa Gérard anawe mikono.

"Papa Gérard, nisamehe, niko mugeni kwenye meza yako. Lakini bei yako sasa nimeielewa. Watu wawili wanatoka, mimi naingia, na bado unabakiwa na pesa."

Mama Martine akaangalia sahani yake. Papa Gérard akashusha tonge.

"Duka linakufa, Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongea kama muuzaji. "Makoti wanayokata hayauziki. Nifanye nini?"

Bertille alikuwa hajajiandaa kwa swali hilo. Maneno yaliyomtoka, alisema baadaye, yalimshangaza yeye mwenyewe.

"Pima wateja hapa. Leta kitambaa na vipimo kwa treni. Mimi nakata Kalemie, narudisha vipande, Papa Damien anashona. Unilipe kwa koti, si kwa mwezi."

"Mimi nataka uwe hapa. Watu wakuone."

"Watu hawavai mimi, Papa. Wanavaa koti."

Mama Martine alicheka, akajizuia. Lakini Papa Gérard alitikisa kichwa. Alisema mambo ya treni hayaaminiki, kitambaa kitapotea, na mpango huo ni wa wanawake. Bertille akarudi Kalemie mikono mitupu, na uchovu wa safari. Augustin alimngoja stesheni. Alipomuona tu alichukua mzigo wake, hakuuliza kitu mpaka mke wake alipokwisha kula nyumbani.

Bertille alimsimulia habari za Papa Damien. "Nimekataa tatu sasa," akasema. "Labda mimi ni mujinga kweli, si kwa jina tu."

"Ungekubali ile ya kufukuza yule mzee, ungelala?"

"Hapana."

"Basi."

Wiki tatu zikapita. Halafu, siku moja ya juma la nne, Augustin alirudi nyumbani na furushi begani, amelipokea stesheni. Ndani kulikuwa na kitambaa cha makoti manne na karatasi ya vipimo yenye mwandiko wa Papa Damien, herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Hakukuwa na barua ya Papa Gérard. Mama Martine ndiye aliyekuwa amefunga furushi, na tulisikia baadaye kwamba alimsumbua mume wake kila asubuhi mpaka mume akachoka, akakubali.

Bertille akaenda kwa Ma Sœur Claire, akamuomba meza na mkasi wa karakana baada ya saa za kazi. Ma Sœur alifikiri, akasema sawa, kama Bertille atafundisha wasichana kukata kila siku ya posho. Wakakubaliana.

Makoti ya kwanza hayakuwa mazuri yote. Papa Damien alikuwa amepima mkono mmoja vibaya, na mteja wa Kabalo alipata koti lenye mkono mmoja mfupi. Ilibidi Bertille aandike barua ndefu kumueleza mzee namna ya kuweka kipimo kwenye mfupa wa bega. Mzee alifanya vizuri zaidi baada ya hapo. Treni ilichelewa, ndiyo, lakini furushi halikupotea hata moja.

Kazi ilipoongezeka, Papa Gérard alitaka akate kila siku. Bertille alikataa. Siku mbili kwa juma, ya pili na ya ine, yaani Jumanne na Alhamisi, hakuna zaidi. Mchana mwingine ulikuwa wa shamba na watoto. Papa Gérard alilalamika, akazoea. Kwa mwezi mzuri zile siku mbili zilimpa zaire kumi na mbili juu ya mshahara, kwa mwezi mbaya nne. Kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa mkasi wake mwenyewe, uliotoka Kigoma. Augustin alimchagulia pale pale bandarini.

Mpango ule ulidumu miaka sita. Kisha vitambaa vikawa adimu, bei zikapanda kila wiki, na Papa Gérard akafunga duka. Papa Damien akaenda kukaa kwa binti yake Kongolo, na kila Noeli alimwandikia Bertille kwa herufi zile kubwa. Mwenzake wa mashini ya pili alibaki Kabalo na kufungua kijumba chake cha kushona.

Nilimuuliza Bertille siku moja, tukichambua mboga, kama hakuwahi kujuta kuikataa ile ya Lubumbashi.

"Mara moja moja," akasema. "Mvua ikinyesha nikiwa shambani, nafikiri, kule ningekuwa ndani. Kisha mvua inaisha."

Wakati huo alikuwa na wasichana saba aliowafundisha, na wawili kati yao walikata vizuri kuliko yeye. Hilo alikuwa akilisema mwenyewe, kwa sauti, hata mbele ya wateja.