Metre ya Fundi wa Viti

Gari la papa, baba yangu, lilikuwa la sport, la milango miwili, la chini hivi kwamba hata mimi niliweza kuegemeza kiwiko juu ya paa lake. Alilinunua ujanani kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anahama. Kila Jumapili baada ya misa alimpakia mama, wakashuka nalo hadi bandarini Makiso kuangalia mto tu, kisha wakarudi. Mama alipokufa, gari lilibaki kwenye lupango, uani kwetu, chini ya mabati kando ya jiko. Injini papa hakuacha kuiwasha. Viti alivisahau, na panya hawakuvisahau. Unyevu ukamaliza kilichobaki: siponji ikawa kama uji, zikabaki springi zenye kutu.

Figo zilipomlaza, papa aliniomba kitu kimoja.

“Mutoto yangu, nimechoka kulala. Ninapenda niendeshe tena mpaka ku port, mara moya tu, nikiikala kama mutu.”

Basi nikaanza kutafuta viti. Wapi! Kisangani hii utapata kiti cha basi, cha lori, hata kiti cha daktari wa meno, lakini cha gari lile hakuna. Wauza vipuri walinicheka machoni. Mwishowe nikamwendea fundi mbao wa avenue yetu, anayetengeneza viti vya sebuleni. Akakubali kuvitengeneza upya, fremu ya mbao, siponji mpya, ngozi ya plastiki nyekundu kama ile ya zamani. Fundi mzuri, sina neno. Ila mtaa mzima unajua kwamba atelier yake ina milango miwili: mmoja unatoa viti, mwingine unatoa majeneza.

Alikuja nyumbani na metre yake ya chuma.

“Paa ya hii gari iko chini sana,” akasema. “Bon, papa aikale kidogo ku kitanda, nimupime kutoka matako mpaka kichwa. Donc nitajua kiti ifike wapi.”

Papa alikuwa ameshaanza kujiinua. Shangazi, dada yake mkubwa aliyetoka Kindu kuja kumuuguza, akasimama katikati yao.

“Hapana! Ile metre inapimaka maiti. Mugonjwa hapimwi na metre ya masanduku, hata na kamba hapimwi. Munapenda kumuzika mbele ya siku yake?”

Nilichemka. Nikamwambia shangazi kwamba papa anaumwa figo, haumwi metre. Akanikata palepale: “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Na papa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpinga dada yake, akalala tena na kugeukia ukuta.

Basi fundi akanipima mimi. Mimi ni mfupi, nimemfuata mama. Fundi akamchungulia papa mlangoni, akapunguza kiti kidogo kwa kukisia. Lakini papa alikuwa amejikunja chini ya blanketi, na mgonjwa aliyejikunja utamkisiaje urefu?

Viti vilipofungwa, gari lilipendeza jamani. Hata vijana wa toleka walisimamisha baiskeli zao za abiria barabarani kuangalia. Papa alivaa abacost yake, suti ya kazini, iliyokuwa sasa inampwaya mabegani, akaingia polepole. Kichwa kikagonga paa. Akakiinamisha, bado kikagusa. Ikabidi ashushe shingo mpaka kidevu kikafika kifuani, na hapo macho yake yakawa yanaona usukani, hayaoni njia. Aliwasha injini vilevile. Akaendesha hadi kwenye lango la lupango, akasimama, akazima.

“Iko bien,” akasema, bado ameinama. “Iko bien sana. Merci, mutoto yangu.”

Watu walipiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni ileile nilimfuata fundi: vunja, shusha. Akasema sawa, ila safari hii apewe kipimo cha kweli. Nikarudi kwa shangazi, tukagombana mpaka papa akatuita kutoka chumbani, akatuomba tunyamaze, anataka kusinzia. Siku chache baadaye alikufa, kitandani, amelala.

Asubuhi ya matanga, viti vya plastiki vilipokuwa vinashushwa uani, fundi alikuja na metre ileile. Hakukuwa tena na mtu wa kuikataa. Akaomba ashikiwe ncha ya upande wa kichwa, na aliyeishika ni shangazi. “Mudogo yangu, unisamehe,” alikuwa anasema, “mudogo yangu, unisamehe.” Mimi sikuweza kulia. Nilikuwa na hasira, na hata leo ninayo. Tulisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Sanduku lilimkaa papa sawasawa. Kichwa chake hakikugusa popote.